Vikopo Vitatu vya Mama

Mvua ya vuli ilipokatika, silanga zikiwa zimejaa maji ya tope na mikokoteni ya punda ikileta tena mapipa ya maji ya mto, kitinda mimba wangu alianza kuhara. Kwetu ni Bura ya Fafi, kaunti ya Garissa, upande wa mashariki wa Mto Tana. Ile Bura nyingine, yenye mashamba ya kunyunyizia maji yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, iko ng'ambo, katika kaunti ya Tana River. Nazitaja zote mbili mapema kwa sababu mifereji ya ng'ambo nayo ina sehemu yake katika kisa hiki.

Katika nyumba yetu hakuna mtoto anayehara peke yake. Mama mkwe wangu, ambaye wajukuu wote humwita Ayeyo, alimpapasa ufizi akasema ni meno. Wifi yangu, anayekaa nasi na wanawe, alisema ni minyoo. Mume wangu alipiga simu kutoka Garissa mjini anakofanya kazi, na hakuuliza kingine ila hiki: "Mtoto anakojoa?" Hakuna aliyeuliza swali la maana kuliko hilo siku ile. Mtoto anayehara huuawa na maji yanayomtoka kabla hata kidudu chenyewe hakijajulikana jina. Pakiti za chumvi za hospitali zilikuwa zimekwisha, basi nikachemsha maji, nikapima lita moja, nikatia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Nikakaa naye mkekani nikimnywesha kidogo kidogo, akitapika nangoja, kisha naanza tena.

Alikojoa, tukashukuru. Lakini asubuhi ya pili choo chake kilikuwa na ute, na ndani ya ute mlikuwa na michirizi ya damu. Hapo hata Ayeyo aliacha habari ya meno. Nikamfunga mgongoni, tukaenda hospitali.

Daktari alimwangalia macho, akambana ngozi ya tumbo kuona inarudi upesi au inachelewa, akaandika karatasi ya maabara. Tukapewa kikopo cha plastiki chenye kifuniko, tukaambiwa tulete choo. Foleni ilikuwa ndefu na maelezo yakawa mafupi. Na mtoto, ambaye usiku kucha hakuwa amemaliza saa bila kuchafua nguo, alipofika pale alifunga kabisa. Tukakaa chini ya mti hadi adhuhuri ikaadhiniwa, hakutoa kitu. Tukarudi na kikopo kitupu.

Kilichofuata nyumbani kiliwahusu watu wazima wenye akili zao na nia njema, ndiyo maana nakisimulia chote. Mara ya kwanza choo kilipatikana kwenye poti, lakini kilikuwa kimechanganyika na mkojo, na wifi yangu alikuwa tayari ameinamisha birika la kutawadhia kumsafisha mtoto pale pale, maji yakachuruzika ndani. Akachota hivyo hivyo. Mara ya pili kilikingwa safi, kwenye kipande cha nailoni kilichotandazwa chini, kikatiwa kikoponi, kikopo kikawekwa juu ya ukuta mfupi wa jiko wakati mimi natafuta buibui. Mbuzi akapanda. Kikopo kikaanguka, na kilichobaki kikachanganyika na mchanga na majivu.

Mara ya tatu Ayeyo alilishika jambo mwenyewe. Baada tu ya swala ya alfajiri alichukua kiasi cha kijiko cha chai, kwa makusudi sehemu ile yenye ute na damu, akafunga kifuniko kwa nguvu, akakifunga kikopo kwa kitambaa na kukiweka juu ya paa la banda la kuku mahali ambapo si mtoto wala mbuzi angefika. Kila alichofanya hadi hapo kilikuwa sahihi. Lakini kijana wa bodaboda tuliyemwita alikuwa amekwenda mazikoni, na jua la Bura halimngoji mtu. Kikopo kilipofika maabara adhuhuri ilikuwa imeshapita.

Jibu likaja: hakuna mayai wala sisti zilizoonekana.

Nyumba nzima ilipumua. Ayeyo akarudia habari ya meno. Na mtoto akaendelea kutoa damu.

Nilirudi maabara na ile karatasi mkononi kwa sababu sikuweza kuipatanisha na nilichokuwa nakiona kwenye nepi. Dada wa maabara hakuudhika. Aliniuliza choo kilitoka saa ngapi. Kisha akauliza kama mtoto alikuwa amemeza dawa yoyote kabla. Nikasema hapana. Wifi yangu, aliyekuwa amenisindikiza, akatazama chini, akasema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa amemnyunyizia nusu tembe ya metronidazoli, ile ijulikanayo madukani kama Flagyl, iliyosagwa kwenye uji, mara mbili. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Mtoto huyo humwita yeye mama kama anavyoniita mimi.

Basi dada wa maabara akatueleza, na haya ndiyo ninayotaka kila nyumba ya Bura, Nanighi, Masalani na Hola iyajue. Jibu la choo huanza kutengenezwa au kuharibiwa nyumbani. Amiba iliyo hai, ile inayotambaa na kula, haidumu nje ya mwili. Choo cha maji maji chenye damu kinatakiwa kifike chini ya darubini ndani ya nusu saa hivi. Baada ya saa moja kwenye joto letu, amiba hiyo imekufa na kupasuka, haitambuliki tena. Mkojo huiua. Maji ya birika huiua pia, na maji ya mto au mchanga huweza kuleta viumbe vyao wenyewe ambavyo havikutoka tumboni mwa mtu. Dawa iliyotangulia huificha hata kama haikuimaliza, na kwa kawaida hutakiwa kungoja kama wiki mbili baada ya dawa za namna hiyo ndipo kipimo kiaminike. Kwa hiyo ile karatasi ilikuwa ya kweli, ila ilisema jambo dogo kuliko tulivyolisikia. Ilisema kwamba katika tone lile, saa ile, hakuna kilichoonekana. Haikusema kwamba mtoto hana kitu.

Kuna sababu nyingine inayofanya "hakuna" kuwa jibu la tahadhari. Vidudu vingine havitoki kila siku. Jiadia, kile kinacholeta choo cha mafuta mafuta chenye harufu kali na tumbo kujaa gesi, hutoka leo, kesho kisitoke. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliangalia choo chake mwenyewe alipokuwa anahara mwaka 1681, akaeleza vijidudu ambavyo wataalamu wanaamini ndivyo hivyo. Hata leo, ugonjwa usipoeleweka, huombwa sampuli tatu za siku tofauti kabla ya kusema hakuna. Mtu akikuambia uje tena na kikopo, hakusumbui.

Safari hii mtoto alilazwa kwenye benchi la maabara, akapewa maji yake ya chumvi, na alipojisaidia choo kilichukuliwa pale pale. Dada yule alichukua kijiti, akachagua uzi wa ute wenye damu, akausugua kwenye tone la maji ya chumvi upande mmoja wa kioo na kwenye tone la iodini upande wa pili, akafunika kila tone kwa kijioo chembamba. Upande wa maji ya chumvi ni wa kutafuta kinachotembea. Upande wa iodini ni wa kutafuta kilichotulia, kwa sababu iodini huua lakini hupaka rangi, na viini vilivyomo ndani vikaonekana. Alipita kioo chote taratibu, mstari baada ya mstari, kwanza kwa lenzi ndogo kisha kwa kubwa. Hakuiona amiba. Aliona seli za usaha zimejaa, na chembe nyekundu za damu.

Hilo nalo ni jibu, na zito. Usaha mwingi na damu huonyesha kwamba ukuta wa utumbo umevamiwa, na kwa watoto mvamizi wa kawaida ni bakteria waitwao shigela, waliogunduliwa na Mjapani Kiyoshi Shiga mwaka 1897. Darubini haiwezi kuwataja kwa jina. Hiyo ni kazi ya kuotesha choo katika maabara kubwa, na huchukua siku kadhaa. Daktari hangoji siku hizo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa mtoto anayetoa choo cha damu ni kumwanzia dawa ya bakteria hao, na kuitibu amiba hasa pale inapoonekana hai, imemeza chembe nyekundu za damu. Mtoto wangu akaandikiwa antibayotiki, na zinki ya kumeza kila siku hata baada ya kuhara kukoma. Damu ilikata upesi. Ile metronidazoli ya kwenye uji isingemfaa kitu hata angemaliza pakiti nzima.

Kisa kingeishia hapo kama si Ayeyo. "Tumekula sinia moja," alisema. "Kama mtoto amepimwa, tupimwe sote." Wifi yangu alikuwa na gesi ya muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeumwa tumbo siku mbili. Ayeyo hakusema anaumwa nini. Vikopo vikaletwa, vikajazwa alfajiri, na mtoto mkubwa wa wifi yangu, mwenye mwandiko mzuri kuliko sote, akapewa kalamu aandike majina. Alipouliza hiki ni cha nani, aliambiwa cha Mama. Na hicho? Cha Mama. Na hicho cha mwisho? Naye kaka yake akamjibu kutoka ndani, cha Mama. Wifi yangu ni mama yake. Mimi pia huniita mama, na Ayeyo ndiye mama wa kila mtu katika boma hili. Vikopo vitatu vikaenda maabara vimeandikwa Mama, Mama, Mama, kwa herufi nzuri.

Karatasi zilirudi na kugawiwa kwa kukisia. Ayeyo akapewa ile iliyosema sisti za amiba zimeonekana, akaandikiwa dawa, na siku nzima akalalamika kwamba mdomo una ladha ya chuma. Wifi yangu akapewa isiyo na kitu, akalalamika kwamba gesi anayo lakini karatasi haina. Mimi nikapewa ile ambayo kwenye nafasi ya rangi iliandikwa: nyeusi.

Nilisema kwa sauti mbele ya wote kwamba choo changu hakikuwa cheusi. Kukawa kimya. Ayeyo alikuwa anakunja ushungi wake, akaukunja tena. Kisha akasema, "Hiyo ni yangu."

Alikuwa ameona choo cheusi kwa muda na hakumwambia mtu. Alijua, kama watu wazima wengi wanavyojua, kwamba weusi waweza kuwa damu iliyotoka juu tumboni ikapikwa njiani, kwenye kidonda au kitu kibaya zaidi. Ule mwito wake wa "tupimwe sote" ulikuwa njia ya mama mwenye haya kujipimisha bila kusema. Nilimpeleka mwenyewe siku hiyo hiyo. Daktari alimuuliza anakula nini, anakunywa nini, na anameza nini. Hapo ndipo tembe zikatajwa: mjukuu wake mjamzito alikuwa amemwachia tembe za kuongeza damu za kliniki, naye akazimeza kila jioni kwa sababu alijisikia mnyonge. Madini ya chuma huufanya weusi huo wenyewe. Choo chenye damu iliyopikwa hunata, hung'aa na hunuka vibaya sana. Chake hakikuwa hivyo. Alipimwa choo kutafuta damu isiyoonekana kwa macho, haikupatikana. Akapimwa na wingi wa damu mwilini, maana unyonge wake ulihitaji jibu lake. Akaacha tembe za watu, na rangi ikarudi ya kawaida. Mzee wako akiwa na choo cheusi na hamezi tembe za chuma, hilo si la kungoja hadi kesho.

Ile karatasi ya amiba, baada ya kurudia vikopo vikiwa na jina kamili, umri na saa, ikawa ya wifi yangu. Dada wa maabara alinisogezea kiti niangalie. Nilizungusha kitufe cha pembeni hadi ukungu ukaondoka, nikaona duara dogo la manjano ya iodini, na ndani yake vitone vinne. Hiyo ndiyo sisti, amiba iliyojifungia ndani ya gamba lake gumu, namna inavyosafiri kwenye maji na mikono ya watu. Akaniambia nihesabu vizuri, kwa sababu zipo zenye viini vinane, na hizo ni za amiba nyingine isiyodhuru mtu, ingawa huandikwa kwenye karatasi na watu wakaogopa.

Hata hizo zenye viini vinne zina jambo lake. Mfaransa Émile Brumpt alisema mwaka 1925 kwamba kuna amiba mbili zinazofanana kabisa kwa sura, moja inayotoboa utumbo na nyingine inayokaa tu bila madhara. Wengi hawakumkubali. Ilipofika mwaka 1993 ndipo wataalamu wakazitenga rasmi, na mwaka 1997 mkutano wa wataalamu ulioitishwa na Shirika la Afya Duniani nchini Meksiko ukashauri kwamba mtu asiye na dalili asitibiwe kwa sababu tu sisti zimeonekana kwa darubini. Darubini ya kawaida haitofautishi hizo mbili. Kwa hiyo karatasi inayosema "sisti za amiba" haijasema kwamba amiba ndiyo inayokuumiza. Wifi yangu alikuwa amebeba jina la maradhi ya amiba kwa miaka, akinunua tembe kila tumbo linapojaa. Daktari alimsikiliza, akaona hana damu, hana ute, hana homa, akamuuliza habari ya maziwa na chai anayokunywa mara kwa mara tumbo likiwa tupu. Alibadilisha hayo, na gesi ikapungua. Nasema kwa uchungu kwamba katika miji yetu midogo watu wengi wanameza dawa ya amiba kwa karatasi kama hiyo, na ugonjwa wao wa kweli unabaki bila kutafutwa.

Yule mwandishi wetu wa majina naye alikuwa na lake. Likizo alikuwa ng'ambo, Bura ya mashamba, akiogelea mferejini na binamu zake. Aliposikia watu wazima wanazungumza habari za damu bila kugombezana, alimnong'oneza mama yake kwamba yeye damu inamtoka kwenye mkojo, mwishoni. Choo chake kilipimwa na hakikuwa na kitu, na wifi yangu karibu aridhike. Lakini kichocho cha ukanda wetu wa Tana ya chini ni kile cha kibofu, kinachoenezwa na konokono wa majini, na mayai yake hutafutwa kwenye mkojo. Kile cha kwenye choo ni cha aina nyingine, ambacho Kenya hujulikana zaidi Mwea na Ziwa Victoria. Tena mkojo wenyewe una saa zake: kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana ndipo mayai hutoka kwa wingi. Akaleta saa sita, na mayai yakaonekana, kila moja na mwiba mwishoni mwake. Akapewa prazikwanteli kwa kipimo cha uzito wake. Binamu zake wa ng'ambo tukawapigia simu, nao wakapelekwa.

Sasa kikopo kikiletwa nyumbani kwetu huandikwa jina, umri, saa kilipojazwa, na dawa zozote zilizomezwa. Choo hukingwa juu ya nailoni safi au karatasi kavu, birika likiwa mbali, na kinapelekwa mara moja, kivulini, bila kungoja mtu arudi mazikoni.

Lakini kuna choo kimoja ambacho hakitaki kikopo kwanza. Oktoba 2022 kipindupindu kilizuka tena Kenya, kikafika Garissa na kambi za Dadaab, na mwishoni mwa 2023 mafuriko yakaja juu yetu na juu ya majirani zetu wa Tana River. Ugonjwa huo huthibitishwa kwa choo kama magonjwa mengine, ila matibabu hayangoji jibu la maabara, kwa sababu mtu mzima mwenye nguvu anaweza kufa kwa saa chache. Ukiona choo kinamtoka mtu mfululizo, kimekuwa kama maji yaliyooshewa mchele, mwanzishie maji ya chumvi na sukari hapo hapo alipo, endelea kumnywesha njiani, na umfikishe kituo cha afya kabla hujatafuta kalamu ya kuandika jina lake.